Mtafutaji Hutangulia Kusema

Robi mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Umekwenda Uriri kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua dada ya baba yako, saa hizi umeshashiba na bado anakusogezea sahani. Utarudi jioni. Kesho asubuhi utapanda basi hapa Awendo uende Nakuru, kwa hiyo nimebakiwa na mchana huu mmoja wa kusema jambo ambalo wiki tatu nzima nimeshindwa kukuambia usoni. Barua nitaiweka ndani ya begi lako, katikati ya sweta ya kijani. Wanasema baridi huanza ukishapita Kisii, kwa hiyo najua mahali utakapoisomea.

Sitakuandikia habari za kula, kufua na kulala mapema. Umri wako ni miaka ishirini, na hayo nimeyasema mpaka kuku wa hapa nyumbani wameyakariri. Pia utanisamehe mwandiko. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotuoza mimi na baba yako. Mimi Mkuria nisiyejua Kijaluo, yeye Mjaluo asiyejua Kikuria, tukakutana katika lugha ya sokoni na mpaka leo tunagombana kwa lugha hiyo hiyo.

Jambo lenyewe ni hili. Najua kwamba huna kazi Nakuru.

Nilikuwa nafua ile sketi yako ya buluu. Mfukoni mlikuwa na karatasi iliyokwisha kulowa, nikaianika juani isiharibike, na katika kuianika nikaisoma. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, lakini barua ya kukataliwa haihitaji shule nyingi kuielewa. Walisema nafasi imejazwa. Nikaikunja, nikairudisha mfukoni ilipokauka, nikanyamaza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusikiliza. Jirani alipouliza, ulisema umepata kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya wakili. Mchungaji alipouliza, ulisema vivyo hivyo, ukaongeza kwamba mashine ni mpya. Baba yako alipouliza jioni moja wakati wa chakula, ukamwambia meza yako itakuwa karibu na dirisha. Robi, lile dirisha ndilo lililoniuma. Baba yako alifurahi sana kwa sababu ya dirisha hilo. Siku ya pili nilimsikia akimweleza mtu kwamba binti yake atakuwa akifanya kazi huku anaona barabara.

Sikulaumu. Ningekuwa na haki ya kukulaumu kama uongo huo usingekuwa wangu kwanza. Uliusikia ukiwa na mwaka mmoja na nusu, umefungwa mgongoni mwangu kwa kanga, kwenye lango la mtu kule upande wa Kosele. Nimekuficha habari hiyo miaka yote. Baba yako anapotaka kuisimulia mimi hujifanya chungu kinaungua.

Wakati huo tulikuwa na maksai wawili tu, Rateng' na Silwal. Rateng' ndiye mweusi, kama jina lake linavyosema kwa Kijaluo, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekatwa ncha. Baba yako alimnunua sokoni Kosele akamswaga kwa miguu siku mbili mpaka hapa. Mvua za masika zilipokaribia, baba yako akaanguka kutoka kwenye trela la miwa akavunjika mguu. Alikuwa amelala pale pale anapolala sasa, mguu umefungwa vibao, anawaamuru watu wote. Na wiki hiyo hiyo Rateng' akakata kamba akapotea.

Maksai mmoja halimi. Ukimfunga peke yake kwenye plau anazunguka tu. Wenye maksai wote walikuwa shambani mwao, kila mtu anakimbizana na mvua, na huwezi kumwomba mtu ng'ombe wake siku anayomhitaji. Kwa hiyo ilikuwa lazima Rateng' apatikane, na mtu mwenye miguu miwili mizima katika nyumba hii alikuwa mimi.

Nilimtafuta siku tatu huku kwetu. Uriri nilifika, na mashamba ya miwa yote nilizunguka, nikiinama kutazama kwato kwenye matope. Hakuna. Ndipo baba yako akasema kutoka kitandani, "Ng'ombe hurudi alikotoka. Nenda Kosele. Pita nyumba kwa nyumba, simama langoni, sema, Amanyo dhiang' molal. Watakuonyesha." Maana yake ni kwamba natafuta ng'ombe aliyepotea. Akanifundisha kuitamka. Nikaitamka, akacheka, ukacheka na wewe ambaye hata hukujua tunacheka nini.

Sasa nikuambie kitu ambacho baba yako hakukielewa, kwa sababu yeye ni wa huku. Mwaka ule ng'ombe walikuwa wameibwa sehemu nyingi, na kila wakiibwa watu walisema wameswagwa kuelekea mpakani, kwetu. Wengine walikuwa wezi kweli na wengine walisingiziwa tu, mimi sijui. Nilichojua ni kwamba nikifungua mdomo langoni kwa mtu, neno la kwanza litamwambia kwamba mimi ni Mkuria. Mkuria mgeni, peke yake, anaulizia ng'ombe nyumba kwa nyumba. Wangesema natafuta kweli, natafuta boma lisilo na mbwa.

Hiyo ndiyo sababu niliyojipa njiani, na ilikuwa na ukweli wake. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine ambayo ni ndogo na ya aibu zaidi. Sikutaka kuonekana nimepungukiwa. Nilikuwa mke mchanga, nimeolewa mbali, na kwetu walisema nitaenda kuteseka. Nikajiambia afadhali nipite kama mtu mwenye safari zake, nichungulie maboma kwa macho, nikimwona Rateng' ndipo niseme.

Nilipita nyumba nyingi hivyo, mwanangu. Natembea taratibu, nageuza shingo kidogo, kama mtu anayependa kutazama nyumba za watu.

Siku ya pili, jua likiwa kali, nikafika kwenye lango la mama mmoja mzee. Alikuwa amekaa chini ya upenu wa jiko lake anapukuchua mahindi ya mbegu. Aliponiona akainuka, akaja mpaka langoni kwa mwendo wa watu wa magoti mabovu.

"Donji, nyathina," akasema. Ingia, mwanangu.

"Asante, Dani, napita tu," nikasema. Neno la bibi nilikuwa nalijua.

Alisikia sauti yangu, nikamwona amesikia. Akahamia Kiswahili, Kiswahili chake kile cha huku kwetu. "Unapita unaenda wapi na mtoto na jua hii?"

"Naenda sokoni."

Akanitazama. Akarudi ndani, akatoka na maji kwenye kibuyu na kikombe cha uji, akakupa wewe uji kwanza. Ulikunywa wote. Mimi nikanywa maji.

"Umetoka mbali?" akauliza.

"Si mbali sana."

"Miguu yako imejaa vumbi nyekundu. Hapa vumbi si nyekundu."

Nikacheka kidogo, nikakufuta uji mdomoni. Akakaa kwenye jiwe lililokuwa langoni, kana kwamba hana kazi nyingine duniani, na yale mahindi yakimngoja.

"Kwenu mmelima?"

Robi, nilikuwa na shamba lisiloguswa, na mume kitandani, na wingu la mvua nilikuwa naliona kwa macho yangu juu ya mlima. Nikamwambia, "Tumelima, Dani. Tumemaliza kabisa."

"Yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa pole pole. "Basi mna bahati," akasema. Akachukua kikombe, akanishika mkono, akakaa ameushika muda mrefu kuliko salamu inavyodai. Halafu akaniachia. Nikaenda zangu. Siku ya tatu pesa ya nauli ilikaribia kuisha na mgongo ulikuwa umekufa ganzi kwa sababu yako, nikarudi nyumbani nikamwambia baba yako kwamba Kosele nimeimaliza yote na Rateng' hayuko.

Tulilima kwa jembe la mkono. Mimi na shangazi yako, asubuhi mpaka jioni, na tulichoweza kupata ni kipande kidogo nyuma ya nyumba. Kwingine kote nyasi ziliota zikanizidi kimo. Mavuno yalipofika, ya wenzetu yalijaza maghala na yetu yalijaa kwenye magunia mawili. Ulikonda mwaka huo. Ulikuwa mtoto wa mashavu, na mashavu yakaisha. Ulikuwa unaamka ukiuliza uji na mimi nakupa maji ya moto yaliyotiwa unga kidogo ili yawe na rangi. Kosa hilo silipimi kwa ng'ombe. Nalipima kwa mashavu yako, na bado linaniuma ninapoandika.

Miezi minne baada ya kuvunjika mguu, baba yako alianza kutembea kwa mkongojo. Kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda Kosele. Nilimwambia asijisumbue. Aliondoka asubuhi, akalala kwa ndugu yake, na siku ya pili yake akaanza kupita. Mjaluo yule hana haya. Alisimama kwenye lango la kwanza akapaza sauti kama anauza samaki: Amanyo dhiang' molal, maksai mweusi. Kwenye lango la kwanza hawakujua. Kwenye la pili wakamwambia nenda kwa yule mama mzee. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amemshika Rateng' kamba.

Alikuwa nyuma ya nyumba, Robi. Siku ile mimi nakunywa maji langoni, Rateng' alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba ile ile, anakula majani.

Baba yako aliniletea maneno ya yule mama, na mimi nakuletea wewe kama nilivyoyapokea. Alisema alimwokota Rateng' kwenye mahindi yake, akamtangaza kwa chifu, akamfunga. Hakumlimia hata siku moja, ingawa mwanawe alimsihi, kwa sababu ng'ombe wa kuokota halimiwi mpaka mwenyewe apatikane. Na aliposikia baba yako anatoka wapi, akacheka mpaka akashika magoti. "Kumbe yule Nyar Kuria ni mke wako," akasema. Binti wa Wakuria, hivyo ndivyo wanavyoniita mpaka leo. "Alikuja hapa na mtoto. Aliniambia anaenda sokoni, na siku hiyo haikuwa ya soko. Nilijua anatafuta. Nilimpa maji, nikamuuliza ametoka wapi, nikamuuliza kama wamelima. Nilimfungulia mlango mara tatu. Akakataa kuingia."

Baba yako akamuuliza kwa nini basi hakumwambia tu kwamba kuna ng'ombe hapa.

"Mwenye kuokota hatangulii kusema," mama yule akasema. "Nikitangulia, nikiuliza kila mpita njia kama amepoteza ng'ombe, mwizi atasema ndiyo. Mtafutaji ndiye anatangulia. Aseme anatafuta, ataje alama, mimi nitoe. Yeye hakusema. Ningefanya nini? Nilimshika mkono tu."

Sikulala vizuri kwa siku nyingi baada ya hapo. Nilimkasirikia mama yule, halafu nikamkasirikia baba yako kwa kucheka, halafu walipokwisha nikabaki mimi. Yeye alikuwa amefanya yote anayoruhusiwa kufanya. Kilichokuwa kimebaki kilikuwa sentensi moja, nami nilikuwa nayo mdomoni, nimefundishwa kitandani nikaifanyia mazoezi njia nzima.

Utaniambia, lakini Mama, wangeweza kukudhania mwizi kweli. Ndiyo. Wengine labda wangenifukuza. Nimelifikiria sana hilo, na sitakudanganya kwamba dunia yote ina moyo kama wa yule mama. Nyumba kumi zingeweza kunifungia lango, na huenda moja ingenitukana kabila langu. Hata hivyo ya kumi na moja ilikuwa na Rateng'. Mimi nilizifungia zote kumi na moja mwenyewe, kabla hawajanijibu.

Kuna ule msemo ulioandikwa ukutani kwenye ile hoteli ya chapati karibu na stendi, kwa rangi nyekundu: Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Nimepita mbele yake miaka mingi nikienda kuuza dagaa wangu wa omena, na kila nikipita tunagombana. Mimi nilichoka na sikuwa nimepata. Walioandika hapo walikuwa wameshapata hoteli. Nimeona pia jinsi watu wanavyolitumia neno hilo. Yule aliyejenga nyumba ya mabati na kununua redio husifiwa kwamba ni mtafutaji. Mwenzake waliyesimama pamoja kwenye geti la kiwanda cha sukari alfajiri, wakingoja kuitwa kukata miwa, asipoitwa anaambiwa ni mzururaji. Walikuwa wamesimama mahali pamoja na baridi ile ile. Hata mimi nimewahi kumwita kijana wa watu mzururaji, na baadaye nikajua alikuwa ametembea toka Migori kwa miguu akiulizia kazi.

Ndiyo maana ninyi mnadanganya. Mnaogopa jina la kabla ya kupata. Na sisi wazazi ndio tuliowafundisha. Mtoto wa mtu akiondoka tunauliza kitu kimoja, amepata? Hatuulizi anatafuta nini ili tumsaidie kutazama.

Basi sasa nifike kwenye kosa langu jipya. Hili ni la Jumapili iliyopita, siku uliyokwenda Migori kuwaaga wenzako wa kozi ya taipu.

Kanisani walifika kwenye matangazo. Mzee wa kanisa akasimama na karatasi yake, akatangaza harambee, akatangaza mkutano wa akina mama, halafu akasema tumwombee binti yetu Robi anayekwenda Nakuru kwa kazi yake mpya katika ofisi ya wakili. Watu wakapiga makofi. Baba yako alikuwa ameketi upande wa wanaume, nikamwona amejaza kifua. Na mimi nikajiona niko tena langoni nimeshika kibuyu cha watu, naambiwa mna bahati.

Nikasimama. Sikupanga. Magoti yenyewe yalisimama.

Nikasema, "Naomba nirekebishe tangazo. Binti yangu hana kazi Nakuru. Anakwenda kutafuta. Anajua kupiga chapa vizuri na anajua kuweka mafaili, na hana mtu huko ila msichana mmoja waliyesoma naye. Kama kuna mwenye kumjua mtu, namwomba anitajie."

Utakuwa umeshika mdomo sasa. Najua. Ngoja nimalize.

Nilimsikia mbuzi nje. Sikuthubutu kumtazama baba yako, na nilijiambia, Gati, umemvua mtoto nguo mbele za watu, na pengine ni kweli nilifanya hivyo. Kama ni hivyo nisamehe. Siri ilikuwa yako na mimi niliichukua bila kukuomba. Lakini niliona nikikuacha uende na dirisha lile, kila mtu atakayekuuliza kama umelima utamjibu umemaliza yote, na mkono wake utakuachia.

Kisha Mama Peter akainuka.

Unamjua Mama Peter. Huyu ambaye kila mwaka anatueleza mwanawe ni karani Mombasa, na kwamba hawezi kuja nyumbani kwa sababu bosi hawezi kufanya kazi bila yeye. Tulizoea hata kumcheka kwa siri. Akainuka na kitambaa chake kile cheupe kichwani, akashika benchi la mbele.

"Na mimi nirekebishe," akasema. "Peter hayuko Mombasa. Ile kampuni iliwapunguza, mwaka wa tatu sasa. Alirudi mpaka Nakuru akaona aibu kufika nyumbani. Mtu alimwona stendi anauza mayai ya kuchemsha. Mimi nimewadanganya hapa kila mwaka. Mtanisamehe."

Akakaa. Robi, baada yake walisimama wengine wanne. Sitakutajia majina, wenyewe watasema wakipenda. Mmoja binti yake alikuwa mwalimu kwa maneno tu. Mwingine mwanawe alikuwa polisi kwa maneno tu. Mzee wa kanisa alikuwa bado ameshika karatasi yake ya matangazo, hajui aikunje au aisome tena. Mchungaji hakuhubiri alichoandaa. Alisema tu tuwaombee wote wanaotafuta, na tukawataja mmoja mmoja, na kuwataja kulichukua muda mrefu kuliko mahubiri.

Njiani baba yako alitembea mbele yangu mpaka tukafika kwenye daraja. Nilikuwa tayari kwa ugomvi. Akasimama akanisubiri, akauliza, "Na dirisha pia hakuna?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi mwache atafute kazi yenye dirisha." Hajakuambia kwamba anajua kwa sababu anaogopa utalia, na wewe ukilia yeye hulia.

Ndani ya barua hii utakuta karatasi nyingine iliyokunjwa. Ni ya majina. Watu walinifuata nje ya kanisa, wengine walikuja mpaka hapa nyumbani ukiwa hupo, na wote niliwaomba waniachie mimi nikuambie. Yumo dada wa mama mmoja anayepika katika shule ya wasichana, na wanasema pale ofisini karani anakwenda kujifungua. Yumo binamu ya mwalimu mkuu. Hata Mzee Salim wa duka la vitambaa, ambaye haji kanisani kwetu wala hana haja, habari zilimfikia sokoni akaandika barua mbili kwa mkono wake kwa jamaa zake wenye duka karibu na msikiti, akasema, "Mwambie asizunguke nazo begini, azitoe siku ya kwanza." Hakuna hata mmoja aliyeahidi kazi. Wameahidi lango tu, na huko ndani hakuna ajuaye kilichofungwa nyuma ya nyumba.

Najua hasira zako. Huja haraka kama maziwa jikoni, na zina urefu wake, tangu ukiwa mtoto. Nimepiga hesabu. Ukiisoma hii baada ya Kisii, utanichukia vizuri mpaka Kericho. Pale basi husimama na watu hushuka kunywa chai. Shuka unywe. Usininunie ukiwa na njaa, hainisaidii mimi wala wewe. Baada ya hapo kuna mashamba ya chai pande zote, ambayo sijawahi kuyaona, na ningependa uyatazame badala ya kunikasirikia, uniandikie yalivyo.

Na sasa kuna kazi moja ninayokuomba. Haikutoka kwangu. Jana Mama Peter alikuja hapa akakaa kwenye hiki kigoda ninachokalia. Alikuja kuniambia ana ombi, akashindwa kuliomba, akazungumza habari za mvua, akazungumza habari za kuku. Mimi nikamngoja, nikamshika mkono. Mwishowe akasema. Hajui Peter anaishi wapi. Hana anwani ya kumwandikia, kwa sababu barua zote alikuwa anatuma Mombasa kwa mtu ambaye Peter alishaacha kuishi naye. Anachojua ni stendi ya Nakuru na mayai.

Kwa hiyo ukishuka pale kesho jioni, kabla hujakamata njia ya kwa rafiki yako, tazama wauza mayai. Ni mrefu, ana pengo la meno ya chini kama la watu wetu wa zamani waliong'olewa kwa mila, lakini lake alilipata kwenye mpira. Akikuona atakutambua, na huenda atageuka aondoke na ndoo yake. Usimwache. Mwite kwa jina lake, mwambie wewe ni Robi wa Gati wa Awendo na umekuja kutafuta kazi. Anza na lako. Kisha mwambie mama yake alisimama akasema mbele ya kanisa zima, na hakuna aliyecheka.

Mama yako,
Gati